Kijito cha Kedroni

Tusikiapo katika Injili ya Mtakatifu Yoane kwamba Bwana wetu, usiku ule wa kukamatwa, alivuka kijito cha Kedroni, tusiwaze maji mengi kama ya Lualaba. Neno la Kigiriki aliloandika Yoane maana yake ni kijito cha majira ya mvua. Mvua ikikoma, bonde husalia mawe tu. Nacho si kirefu: chaanza kaskazini ya Yeruzalemu, chapita kati ya mji na Mlima wa Mizeituni, halafu chateremka katika jangwa la Yudea mpaka Bahari ya Chumvi, kilometa 30 hivi.

Mfalme Daudi alikivuka miaka kama 1,000 kabla ya Kristu, akimkimbia Absalomu, mwana aliyemzaa mwenyewe. Alipanda Mlima wa Mizeituni miguu mitupu, akilia, na watu wake wote wakilia. Makuhani walikuwa wamechukua Sanduku la Agano ili wamfuate. Akawaamuru walirudishe mjini, maana hakutaka kulifanya ngao yake. Bondeni liko kaburi la mwambani liitwalo la Absalomu, lakini lilichongwa karibu na nyakati za Bwana wetu. Mwana yule hakuzikwa humo.

Chini ya mji wa kale, kando ya bonde hilo, yatoka chemchemi ya Gihoni. Mwaka 701 kabla ya Kristu, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliishambulia nchi ya Yuda. Nasi twajua, mji usio na maji hauwezi kustahimili adui. Kwa hiyo mfalme Ezekia aliziba chemchemi za nje, akayaleta maji ndani kwa mfereji wa meta 533 uliotobolewa mwambani. Mafundi walichimba kutoka pande mbili, gizani, hata wakasikia sauti za wenzao ng'ambo ya mwamba, wakakutana. Habari hiyo waliichonga ukutani. Ilionekana tena mwaka 1880. Maji hayo huingia Siloe, ambako Yezu alimtuma yule kipofu akanawe.

Mbele zaidi bonde lawa korongo la kutisha. Huko Mtakatifu Saba, mtu wa Kapadokia, alikaa miaka mitano pangoni peke yake, kisha mwaka 483 akaanza monasteri kwa ajili ya waliomfuata. Mwaka 614, Waajemi walipoiteka Yeruzalemu, wamonaki 44 wa Saba waliuawa. Wenzao walirudi, na hata leo Waortodoksi wasali humo. Mwili wa Saba, uliopelekwa Venezia zamani za vita vya msalaba, ulirudishwa mwaka 1965 kwa idhini ya Baba Mtakatifu Paulo wa Sita.

Toka hapo kijito chaingia Bahari ya Chumvi. Ziwa Tanganyika lina mto Lukuga wa kutolea maji yake. Bahari ile haina. Maji hukauka juani, chumvi hubaki, wala samaki hawaishi humo.