Nani Humchagua Mpanda Baiskeli? Fedha, Pointi na Mlango wa Mbio za Kimataifa

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, mitumbwi huanza kuvusha watu kutoka Alunguli kuja ng'ambo hii ya mto Lualaba, Kindu mjini. Miongoni mwa wanaovuka hakosekani mtu mwenye kinga, maana ndivyo wengi wetu tunavyoiita baiskeli. Ukiitazama vizuri kinga hiyo mara nyingi utakuta mnyororo umeng'olewa na pedali hazipo. Kwenye usukani imefungwa fimbo ndefu ya kuiongozea, nyuma ya kiti imesimamishwa nyingine ya kusukumia, na ubavuni zinaning'inia bidoni za mawese za lita 20. Mwenyewe haipandi. Anaisukuma, kilima baada ya kilima, siku kadhaa njiani, kwa sababu barabara nyingi za mkoa wetu wa Maniema, mashariki mwa Kongo, hazipitiki kwa gari.

Simtaji mtu huyu ili nidai kwamba angekuwa bingwa. Kusukuma mzigo na kushindana ni kazi mbili tofauti. Namtaja kwa sababu miongoni mwa mabingwa wa mwanzo wa mchezo wa baiskeli walikuwamo watu wa kazi ngumu kama yake. Maurice Garin, mshindi wa Tour de France ya kwanza mwaka 1903, utotoni alikuwa mfagia dohani. Mbio zile zilibuniwa na gazeti la L'Auto ili kuuza nakala na kumpiku mshindani wake, Le Vélo. Biashara, basi, ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Walioanza mbio walikuwa 60, na gazeti lilikuwa likiwatafuta washiriki, halikuwa likiwachuja, kwa kuwa kila mpanda alikuwa habari ya kuandika.

Fedha zilizomfungulia mlango mfagia dohani zimeufungaje kwa kijana wa Kindu, wa Kasongo, au wa Kikuyu kule Kenya? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba mdhamini wa leo hana haja ya kumkataa mtu yeyote siku majina yanapotangazwa. Uteuzi umekwisha kufanyika miaka mingi nyuma, katika jedwali la pointi, katika ofisi za viza na katika kalenda ya mashindano. Kwa kuwa haufanywi na mtu anayeonekana, tumezoea kuuita haki.

Ili hoja ieleweke, nitaanza na mchezo jirani ambao uteuzi wake hufanywa mbele ya macho ya watu. Spidiwei ni mbio za pikipiki zisizo na breki: wapanda wanne, mizunguko minne, uwanja wa mviringo wenye udongo. Hadi mwaka 1994 bingwa wa dunia alipatikana kwa fainali ya siku moja. Tangu 1995 kuna msururu wa Grand Prix, na kwa miaka mingi utaratibu umekuwa wa wapanda 15 wa kudumu, na wa 16 akiingizwa kwa ajili ya shindano husika. Kati ya wale 15, baadhi huingia kwa matokeo ya msimu uliopita, wengine kwa mchujo, na waliobaki huteuliwa na kamati. Hapo kwenye kamati ndipo penye kelele kila mwaka. Poland ina wapanda hodari wengi kuliko viti vinavyopatikana, na mashabiki hulalamika kwamba kiti cha mtu wao amepewa mwingine kwa sababu ya bendera yake, ili matangazo yauzike katika nchi nyingine. Malalamiko hayo yana uzito. Lakini Mpolandi aliyeachwa anajua ameachwa na nani, na anaweza kuwauliza kwa nini.

Mpanda baiskeli wa Afrika hana wa kumuuliza.

Timu ya kulipwa ya baiskeli haina uwanja wa kuuzia tiketi, wala haigawiwi mapato ya televisheni ya mbio kubwa. Tour de France ni mali ya kampuni binafsi, ASO, na mapato ya matangazo yake hubaki huko. Timu huishi kwa mdhamini peke yake, na mdhamini akiondoka, timu hufa, hata kama wapanda wake wanashinda. Kutokana na hofu hiyo, leseni ya daraja la juu imekuwa ndiyo uhai wa timu. Shirikisho la kimataifa, UCI, hutoa leseni hizo 18 kwa vipindi vya miaka mitatu, na tangu kipindi kilichoishia 2022 zinategemea pointi. Mwaka huo Lotto Soudal, timu kongwe ya Ubelgiji, ilishushwa daraja pamoja na Israel–Premier Tech. Meneja aliyeona hayo hamsajili tena mpanda wa kumlea kwa miaka minne. Anamsajili mwenye pointi tayari.

Na pointi zinapatikana wapi? Hesabu yenyewe inajieleza. Katika jedwali linalotumika tangu 2023, mshindi wa jumla wa Tour de France hupata pointi 1,300. Anayeshinda hatua moja tu ya mbio hizo, kazi ya siku moja, hupata 210. Mshindi wa jumla wa mbio za hatua za daraja la 2, daraja ambalo mbio nyingi za bara letu zimo, hupata 40. Kwa hiyo kijana anayeshinda mbio tano nzima za daraja hilo katika msimu mmoja, jambo ambalo ni nadra mno, atakuwa na pointi 200, pungufu ya mtu aliyefika mbele siku moja mwezi wa Julai nchini Ufaransa. Sisemi mbio hizo mbili zina ugumu sawa. Ninachosema ni kwamba jedwali linapima mahali ulipopelekwa kushindana kabla ya kupima miguu yako, na kupelekwa huko kunahitaji timu, timu inahitaji pointi, na pointi ziko huko huko.

Mlango wa pembeni upo: mwaliko. Tour ya mwaka 2025 ilikuwa na timu 23 zenye wapanda wanane kila moja. Kumi na nane zilikuwa na haki ya leseni, mbili ziliingia kwa nafasi yao katika daraja la pili la timu, na tatu zilialikwa na mwandaaji. Kwa mwaliko kama huo ndipo MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini ilipoingia mwaka 2015, timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kushiriki Tour. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima, naye Stephen Cummings, Mwingereza wa timu hiyo hiyo, akashinda hatua ya Mende tarehe 18 Julai, Siku ya Mandela. Timu ilipanda daraja, ikabadili majina kadiri wadhamini walivyobadilika, Dimension Data, kisha NTT, kisha Qhubeka, na mwishoni mwa 2021 ikafungwa kwa kukosa mdhamini. Hivyo mwaliko wa mwandaaji mmoja uliwafikisha Waafrika mahali ambapo pointi hazingewafikisha, na mfuko wa mdhamini ulipokauka njia ile ikazibika.

Najua pingamizi litakalotolewa, na lina nguvu: Biniam Girmay. Kijana wa Asmara aliyezaliwa mwaka 2000 alishinda mbio za Gent–Wevelgem za Ubelgiji mwezi Machi 2022, akashinda hatua ya Giro d'Italia mwezi Mei, kisha mwaka 2024 akatwaa hatua tatu za Tour na jezi ya kijani. Kipaji, wanasema, hakizuiliki. Nami nampenda Girmay kama wanavyompenda wengine wote barani, lakini nikiifuata njia yake naona mambo mawili. Kwanza, alipitia kituo cha mafunzo cha UCI kule Aigle, Uswisi, kinachopokea vijana wachache mno kutoka mabara yote, na timu yake ya kwanza ya kulipwa, Delko, ilianguka kifedha mwaka 2021. Ni usajili wa katikati ya msimu katika timu ya Ubelgiji iliyokuwa na njaa ya matokeo uliomwokoa. Njaa ya pointi, basi, humfungulia mmoja. Haiwafungulii wale kumi waliokuwa nyuma yake. Pili, baada ya ushindi wa Gent–Wevelgem, dunia nzima ya baiskeli ilitaka kumwona Jumapili iliyofuata katika Tour of Flanders. Yeye akapanda ndege kwenda nyumbani kwa mkewe na mtoto wao, kama alivyokuwa amepanga. Timu ilimruhusu, kwa heshima yake. Lakini ni bingwa tu ndiye awezaye kusema hapana namna hiyo. Mpanda wa mkataba wa mwaka mmoja angeshauriwa abaki.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mbio kwa David Kinjah huko Kikuyu, na wote wawili wakaivalia Kenya jezi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006. Mwaka huo huo alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg. Amesimulia mwenyewe kwamba alijiandikisha kwa kutumia anwani ya barua pepe ya kiongozi wa shirikisho, bila idhini, kwa kuwa hakuona njia nyingine. Alifika peke yake, bila fundi wala kocha, na dakika za kwanza za mbio za kupima muda akamgonga ofisa wa mashindano. Mwaka 2008 alichukua leseni ya Uingereza. Kati ya 2013 na 2017 alishinda Tour mara nne. Kinjah amebaki Kikuyu akilea vijana. Wengine husoma kisa hiki kama usaliti. Mimi nakisoma kama ushahidi: mwanafunzi alikuwa na pasipoti ya Uingereza mfukoni, mwalimu wake hakuwa nayo, na nchi yenye fedha za bahati nasibu ya taifa kwa ajili ya michezo na mipango ya miaka kumi ikamchukua aliyechukulika.

Rwanda imejaribu njia nyingine, ya kuleta mashindano nyumbani. Tour du Rwanda iliingia kalenda ya kimataifa mwaka 2009, na kuanzia 2014 hadi 2018 Wanyarwanda waliishinda mara tano mfululizo: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya, Samuel Mugisha. Mwaka 2019 ikapandishwa daraja. Timu kubwa zikaja, televisheni zikaja, wadhamini wakaja. Tangu hapo hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeishinda. Washindi wametoka Eritrea, Hispania, Uingereza na Ufaransa. Ni haki kusema kwamba daraja peke yake si sababu, kwa maana kizazi hubadilika na mashirikisho huyumba. Hata hivyo, mpangilio ule wa miaka unanitosha kuamini kwamba mbio zinaweza kukua huku wapanda wa nchi wakigeuka kuwa mapambo ya picha.

Kwa Mkongo, mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza barani Afrika, yana uchungu wake. Goma ilikuwa imeangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari, Bukavu mwezi Februari, na Bunge la Ulaya likaitaka UCI iyafute mashindano yale endapo Rwanda haitabadili mwenendo. UCI ikaendelea. Nilipoona picha za umati kandoni mwa barabara zile za mawe nilifurahi kwa ajili ya mchezo na nikahuzunika kwa ajili ya majirani zetu wa Kivu, wenye vijana wapandao baiskeli kama wale, ambao mwaka ule walikuwa wakiitumia kukimbiza godoro na watoto. Kuna mikataba ya waandaaji na wadhamini ambayo hupima gharama ya kufuta mashindano. Gharama ya kutoyafuta hupimwa na nani?

Nini kifanyike? Sitaki kuota ndoto ya mchezo usio na fedha, kwa kuwa haujawahi kuwapo. Nataka uteuzi urudishwe mahali unapoonekana. UCI inaweza kuamua kwamba mbio za daraja la 1 barani Afrika zitoe pointi karibu na zile za Ulaya, ili timu kubwa ziwe na sababu ya kuja na wapanda wetu wawe na sababu ya kubaki. Mwandaaji anayetoa mwaliko anaweza kulazimishwa aandike sababu zake na kuzitangaza. Viza za wapanda walioteuliwa na mataifa yao zinaweza kuwa sharti la mkataba wa nchi mwenyeji.

Lakini kabla ya kuidai UCI, tuanze hapa kwetu. Katika nchi zetu nyingi jina la mpanda wa timu ya taifa husikika redioni kabla hajatokea mtu wa kueleza alichaguliwaje, na kijana wa mkoani hajui hata siku ya mchujo. Hilo halihitaji mdhamini kulirekebisha. Nayaomba mashirikisho ya baiskeli, kuanzia Kinshasa hadi Nairobi na Dar es Salaam, yabandike vigezo vya uteuzi, tarehe na mahali pa mchujo, miezi mitatu kabla ya majina, kwenye ukuta wa ofisi ya michezo ya kila makao makuu ya mkoa. Kindu tuna ukuta huo.