Punda wa Dobi Alivyofika Unguja

Mwaka 1870 kilichapwa London kitabu cha hadithi za Unguja, Kiswahili ukurasa huu, Kiingereza ukurasa wa pili. Aliyezikusanya ni Edward Steere, mmisionari aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu. Waliozisimulia ni wenyeji. Humo imo Kisa cha Punda wa Dobi, na mimi sijaona darasa bora zaidi la utunzi wa hadithi fupi.

Kima na papa walikuwa marafiki. Kima akila kuyu juu ya mti ulioinamia bahari, papa naye hutupiwa zake. Siku moja papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni. Walipofika katikati akamwambia kweli: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema, mbona hukuniambia mapema? Sisi mioyo yetu huiacha mitini. Wakarudi. Kima akapanda mti, kimya. Papa alipomwita, kima hakumtukana wala hakumhubiria. Alimuuliza kama anamfanya yeye punda wa dobi, kisha akamsimulia: punda alimponyoka simba, akarubuniwa na sungura, akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri. Simba alipoviulizia, akajibiwa kwamba punda yule hakuwa navyo. Angekuwa navyo, asingerudi.

Mbinu hii ya kutia hadithi ndani ya hadithi ni kongwe. Kisa chenyewe kimo katika Panchatantra ya Bara Hindi, ambako rafiki mwenye hila ni mamba. Karne ya 6 mkusanyo huo ulifasiriwa Uajemi, na karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akautia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Humo mamba amekuwa kobe wa majini. Kote huko anayemlaghai punda ni mbweha.

Unguja, bandari ya majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Gujarat, Maskati na Hadhramaut, mamba na kobe walimpisha papa, ambaye kila mtu wa pwani anamjua. Mtini wa Kalila ukawa mkuyu. Mbweha akawa sungura, na hapo ndipo ninapouona mkono wa bingwa: msikilizaji wa pwani akisikia tu jina la sungura, anajua ujanja uko njiani. Msimuliaji hana haja ya kumweleza mhusika wake, na maneno aliyookoa anayapeleka kwenye mazungumzo. Simba na dobi aliwaacha walivyo.

Historia ya hadithi fupi ya Kiswahili mara nyingi huanzishwa kwenye magazeti kama Mambo Leo, lililotoka Dar es Salaam kuanzia 1923. Sikubaliani. Ufupi, mazungumzo makali, kiini kilichofichwa ndani ya kisa kingine: vyote vilishakuwapo vinywani mwa watu wa Unguja kabla Steere hajashika kalamu. Laiti walimu wetu wangekisomesha kisa hiki bega kwa bega na Kicheko cha Ushindi, mkusanyo wa hadithi fupi wa Mohamed Suleiman Mohamed, Mzanzibari, uliotoka mwaka 1978.