Mchanga, Makinikia na Kiingereza cha Migodini

Machi 2017, Serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, magazeti yetu ya Kiingereza yalilazimika kukipa jina kitu ambacho waandishi wengi hawajapata kukiona. Mitaani kiliitwa mchanga wa dhahabu, na baadhi yao wakauhamisha mchanga huo kama ulivyo: "mineral sand". Kikamusi hapakuwa na kosa. Ila kwa mwanajiolojia maneno hayo mawili yakiandamana yana maana yake tayari, nayo ni mchanga wa pwani wenye titani na zirkoni, kama ule wa Fungoni, Kigamboni. Kilichozuiwa ndani ya makontena 277 bandarini Dar es Salaam kilitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, Kahama, mkoani Shinyanga. Ulikuwa mwamba uliosagwa, ukatiwa maji na kemikali, ukapulizwa hewa mpaka chembe zenye shaba, dhahabu na fedha zikapanda na povu. Kiingereza chake ni "concentrate".

Wapo watakaosema hilo ni neno la kampuni, na "mchanga" ni neno la mwananchi. Hoja hiyo ina uzito. Kwa Kiswahili, mchanga ulibeba shaka yote ya Kahama: nani hupakia mchanga melini akauvusha bahari bure? Lakini kwa msomaji wa London au Toronto mambo yaligeuka. Kwake mchanga ni kitu duni, ilhali "concentrate" linakiri lenyewe kwamba thamani imekusanywa. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyochunguza makinikia hayo, ilieleza Mei 2017 kwamba dhahabu iliyomo ilizidi sana ile iliyotangazwa. Aliyeandika "sand" akidhani anaitetea Serikali aliipunguzia nguvu hoja yake.

Kwenye kodi mtego ni mkali zaidi. Sisi husema kukwepa kodi, basi. Kiingereza hutenganisha "evasion", ambayo ni jinai, na "avoidance", yaani kupita katika mianya ya sheria. Mfasiri wa hotuba hana budi kuchagua, na akichagua la kwanza amekwisha kuhukumu. Julai 2017 Mamlaka ya Mapato iliidai Acacia, kampuni iliyomiliki migodi hiyo, takriban dola bilioni 190, riba na adhabu zikiwemo. Hilo lilikuwa dai, na mgogoro uliishia mezani: mwaka 2019 Barrick, iliyoinunua Acacia, ilikubaliana na Serikali kulipa dola milioni 300, na Serikali ikapewa asilimia 16 ya hisa za migodi. Mhariri makini angebaki na "tax claim", hata kama moyoni ana yake.

Geita nako kuna magwangala, mawe ambayo mgodi mkubwa huyatupa kwa kuwa dhahabu yake hailipi gharama. Mara kwa mara huandikwa "tailings". Hilo ni kosa lenye madhara, maana "tailings" ni marudio, masalia yaliyokwisha kupita kinuni na mara nyingi kwenye sianidi. Magwangala hayajafika huko. Neno la kitaalamu ni "waste rock", nalo linanisumbua kidogo, kwa sababu anayeyaponda kwa nyundo akitafuta dhahabu hayaoni kuwa taka. Katika ripoti ya kihandisi ningeliacha. Katika habari ya gazeti kuhusu vijana wanaoyadai mawe hayo, ningeandika "magwangala" katika Kiingereza hichohicho, nikaongeza sentensi moja ya maelezo.