Kutoka Shamba la Viazi: Tarehe ya Unimog na Mafundi Wanaoihuisha

Sentimita 127 ndizo zilizokuwa mwanzo wa jambo hili. Upana huo, kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, ulilingana na mistari miwili ya viazi katika mashamba ya Ujerumani, na Albert Friedrich, mhandisi aliyeongoza usanifu wa injini za ndege katika kampuni ya Daimler-Benz mpaka vita vikuu vya pili vilipokoma mwaka 1945, aliufanya kuwa msingi wa chombo alichodhamiria kukiunda kwa ajili ya wakulima wa nchi iliyoshindwa, yenye njaa, na iliyokatazwa na washindi wake kuunda ndege. Wale ambao leo huyaona malori makuukuu ya Unimog yakiwa na nyumba mgongoni, yakishuka kutoka Moyale kuelekea Nairobi au yakivuka Namanga kuingia Tanzania, na wenyewe wakipika na kulala ndani yake, si rahisi wadhani kuwa asili yake ni viazi na jembe. Lakini ndivyo ilivyo, na fundi asiyeijua asili hiyo, akishika spana kulitengeneza lori la namna hii, aghalabu huharibu mengi kwa nia njema.

Friedrich hakutaka trekta ya kawaida, yenye magurudumu makubwa nyuma na madogo mbele, itambaayo shambani na kuwa mzigo barabarani. Alitaka chombo kimoja kiweze kulima asubuhi, kuzungusha mashine ya kupura au msumeno adhuhuri, na jioni kupeleka mavuno sokoni kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kwa sababu hiyo magurudumu yote manne yalikuwa na kimo kimoja na yote yalisukumwa na injini. Difu ziliweza kufungwa ili gurudumu lililokosa mshiko lisiwapore wenzake nguvu. Nyuma ya kebini ya watu wawili paliwekwa sahani ndogo ya mizigo. Na mbele na nyuma palitokeza mhimili wa kuendeshea zana. Wamarekani, waliokuwa watawala wa sehemu ile ya nchi, walitoa idhini, na kazi ikaanza katika karakana za Erhard & Söhne, mjini Schwäbisch Gmünd. Gari la kwanza la majaribio lilitembea mwaka 1946, likisimamiwa na mhandisi Heinrich Rößler, ambaye jina lake limekaa kivulini mwa lile la Friedrich kuliko linavyostahili.

Mwaka 1948 uundaji wa kuuzwa ulianza katika kiwanda cha Boehringer, mjini Göppingen, kwa injini ya dizeli ya nguvu za farasi 25, na magari yapatayo 600 yakatoka huko yakiwa na nembo ya kichwa cha ng'ombe dume ambaye pembe zake ziliunda herufi U. Wateja wakazidi uwezo wa kiwanda, na mwaka 1951 Daimler-Benz ikaichukua kazi yote, ikaihamishia Gaggenau. Na haukupita muda mrefu nyota ya Mercedes ikakaa pale alipokuwa ng'ombe.

Hapa yafaa tutue kidogo tuitazame hikima yenyewe, maana mengine yote yanatokana nayo. Katika lori la kawaida ekseli huingia katikati ya gurudumu, na kwa hiyo difu huning'inia chini, ikawa ndiyo ya kwanza kugonga jiwe au kisiki. Katika Unimog ekseli imepandishwa juu ya kitovu cha gurudumu, na ndani ya habu mna gia ndogo zinazoiteremsha nguvu mpaka gurudumuni. Tumbo la gari hupita juu ya mawe. Na zaidi ya hayo, kwa kuwa mwendo hupunguzwa mwishoni kabisa, hapo habuni, vyuma vilivyo katikati huzunguka kwa kasi na kubeba mkazo mdogo, basi vyaweza kuwa vyepesi bila ya kuvunjika. Tena magurudumu hayakuning'inizwa kwa springi za majani, illa kwa springi za koili, ndefu na laini, zinazoliruhusu gurudumu moja lipande tutani huku mwenzake akiwa shimoni.

Na chasisi nayo hujipinda. Hili ndilo linalowashangaza wengi, kwa kuwa watu wamezoea kuhesabu ugumu kuwa ndio uimara. Waunda mitepe wa pwani yetu, waliozishona mbao za vyombo vyao kwa kamba za makumbi badala ya kuzipigilia misumari, walijua kwamba chombo kinachokubali kupindika kidogo hupanda fungu la mchanga bila ya kupasuka. Na wahandisi wa Gaggenau, kwa njia yao na kwa chuma, waliifuata kanuni iyo hiyo. Kebini, injini na sahani ya mizigo havikufungwa kwa kukakamaa juu ya chasisi. Viliwekwa juu ya nukta chache, baadhi yake zikiwa na egemeo linalozunguka, ili chasisi ijipinde chini yake navyo vibaki salama.

Majeshi hayakukawia kuyaona haya. Wafaransa waliokuwa wakikalia sehemu ya Ujerumani walivutiwa mapema, Waswisi wakanunua, na kutokana na haja za kijeshi ikazaliwa Unimog S, iliyojulikana kiwandani kwa namba 404, ambayo uundaji wake ulianza mwaka 1955, mwaka ule ule lilipoundwa jeshi jipya la Ujerumani ya Magharibi. Hii haikuwa ya shambani tena. Ilikuwa lori la kubeba tani 1.5, refu zaidi, lenye injini ya petroli ya silinda sita na nguvu za farasi 82, iliyotoka katika ukoo mmoja na injini za magari ya kifahari ya kampuni hiyo, kwa kuwa majeshi ya wakati ule yalitaka petroli. Hadi mwaka 1980 yalikwisha kuundwa zaidi ya 64,000, na zaidi ya nusu yakaenda kwa jeshi la Ujerumani: mengine kuchukua askari, mengine majeruhi, na mengine yakibeba mgongoni sanduku kubwa lililofunikwa pande zote, ambamo mafundi wa mawasiliano walikaa na mitambo yao.

Yapasa isemwe pia, kwa kuwa mwandishi wa tarehe hana ruhusa ya kuchagua yaliyo matamu tu, kwamba Unimog ilikuja Afrika na vita vya dhuluma. Jeshi la walowezi wa Rhodesia liliitumia dhidi ya wapigania uhuru. Na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, tangu miaka ya mwisho ya 1970, iliunda juu ya chasisi yake gari la askari liitwalo Buffel, lenye tumbo la kuukinga mlipuko wa bomu la ardhini, likapelekwa kaskazini ya Namibia na kusini ya Angola. Vijana waliofunzwa katika kambi za wapigania uhuru za Kongwa na Mgagao, katika ardhi ya Tanzania, walikabiliana na majeshi yaliyobebwa na magari hayo. Sifa zile zile zilizomfaa mkulima wa viazi zilimfaa na yule aliyemnyima mwingine haki katika nchi yake, na mimi nimeona ni wajibu kuliandika hili kabla ya kusema habari za starehe za wasafiri.

Malori ya jeshi yanapostaafu huuzwa, na nchini Ujerumani mauzo hayo hupitia VEBEG, kampuni ya serikali iliyowekwa kwa kazi hiyo. Vijana wa miaka ya 1970 na 1980, wasio na fedha nyingi lakini wenye hamu ya kuona dunia, wakagundua kwamba lile sanduku la mawasiliano tayari lilikuwa na mlango, sakafu na paa, na kwamba likiwekwa kitanda na jiko likawa nyumba. Wakashuka nayo Aljeria, wakapita Tamanrasset, wakaivuka Sahara mpaka Agadez nchini Niger. Mwaka 1985 Unimog iliposhinda kundi la malori katika mashindano ya Paris–Dakar, waliokwisha kuisafiria hawakuhitaji ushahidi mwingine. Machafuko ya Aljeria ya miaka ya 1990 yaliifunga njia ile, na wasafiri wengi wakageukia upande wa mashariki, kupitia Misri na Sudani, wakiwa na hati ya forodha mkononi. Na huo ndio mlango uliowafikisha kwetu.

Sasa tuje kwa fundi. Lori la 404 linalofika karakanani leo lina umri wa miaka 45 hadi 70, na mara nyingi kilomita zake ni chache, kwa kuwa jeshi huegesha zaidi kuliko linavyotembea. Uchache huo ni mtego. Gari lililosimama miaka mingi hukauka mipira ya breki, silinda za breki zikaganda, tangi la petroli likala kutu kwa ndani na uchafu wake ukaziba kabureta, na tairi, ijapokuwa meno yake yangali marefu, zikawa na nyufa zisizoaminika. Kutu huanzia pale maji yanapotuama: chini ya milango, katika sakafu ya kebini, na kuzunguka fremu ya kioo cha mbele. Fundi mwema huondoa mazulia yote na kugonga bati kwa nyundo ndogo kabla ya kupatana bei, maana rangi nene ya kijeshi huficha mengi.

Lakini kazi yenye taadhima kuliko zote ni ya habu. Kila habu ina oili yake, mbali na oili ya difu, na sili zikichakaa oili huvuja kuelekea dramu za breki, ikawa dosari moja imezaa ya pili iliyo hatari zaidi. Kuzifungua zote nne, kuzisafisha, kutazama meno ya gia na kubadili beringi na sili, ni kazi ya subira isiyoonekana kwa mpita njia wala kupendeza katika picha. Na ndiyo maana wengi huanza na rangi na vitanda, wakaiahirisha habu mpaka ikawaaibisha mlimani. Namheshimu fundi anayeanza na habu.

Habu, breki na injini vikiisha kutengemaa, huja zamu ya nyumba, na hapo ndipo asili ya lori hujaribiwa. Mtu akilijenga sanduku jipya zito, akalifunga kwa bolti nne katika pembe nne za chasisi, ameinyima chasisi nafasi ya kujipinda. Na katika korongo la kwanza ama sanduku litapasuka pembeni ama chasisi yenyewe itafanya ufa. Njia sahihi ni fremu ya pili kati ya chasisi na nyumba, iliyokaa juu ya nukta tatu, mbili zikiwa upande mmoja na ya tatu katikati upande wa pili, ikizunguka juu ya egemeo lake. Au nne, zilizopangwa kama almasi, kila moja ikiwa na mzunguko wake. Mwenye kutaka tundu la kupenya kutoka kebini hadi nyumbani hulazimika kuliunganisha kwa mpira uliokunjwa kunjwa, kwani vitu hivyo viwili havitulii sawa hata siku moja.

Kisha kuna uzito, adui asiye na sauti. Povu la kuzuia baridi, tangi la maji, betri, paneli za sola, hita ya dizeli, tairi za akiba: kila kimoja ni chepesi peke yake. Mwenye 404 aliyepewa na kiwanda tani 1.5 za mzigo huzimaliza kabla hajatia chakula. Wenye haja kubwa huchukua Unimog ya aina ya U1300L, iliyotoka miaka ya 1970 ikiwa na dizeli ya lita 5.7, nguvu za farasi 130 na breki za diski; lakini nayo, ikiwa nyumba kamili, hukaribia tani 7.5, na sheria ya Ujerumani iko macho hapo. Waliopata leseni kabla ya mwaka 1999 huruhusiwa kuendesha uzito huo kwa leseni ya gari dogo, hali waliokuja baadaye hukomea tani 3.5, mpaka wafanye mtihani mwingine.

Sheria za Ujerumani zimewagawa pia wapenzi wa Unimog. Tangu mwaka 1997 gari lililotimiza miaka 30 laweza kupewa namba yenye herufi H, ya magari ya kihistoria, na kupunguziwa kodi, bora lihifadhiwe katika hali yake ya asili. Na mageuzi hukubaliwa ikiwa ni ya namna iliyokuwa ikifanywa zama za gari lenyewe. Kwa hiyo wako wasiotaka hata taa ibadilishwe, na wako waonao kwamba chombo kilichoundwa kibebe kila zana mgongoni hakidhulumiwi kwa kubebeshwa nyumba. Mimi ni wa kundi la pili, ila kwa sharti: kila kilichoongezwa kifungwe kwa bolti, kisichomelewe, na chasisi isikatwe abadani.

Swali gumu ni injini. Ile ya petroli ya 404 ni tamu kuisikia, lakini hunywa lita 20 na zaidi kwa kilomita 100, na kati ya Marsabit na Moyale, zamani kabla ya lami, hilo lilikuwa tatizo la madebe na hesabu. Wengi huitoa wakatia dizeli ya silinda sita, na wanaopinga huwaita waharibifu. Lakini kiwanda chenyewe, tangu mwaka 1965, kiliiunda Unimog ya namba 416 yenye masafa yale yale ya mita 2.9 baina ya ekseli na dizeli ya namna hiyo. Basi afanyaye hivyo kwa vipuri vya ukoo huo hakutoka nje ya njia ya waasisi. Bali injini iliyotolewa isiuzwe chakavu: itiwe oili katika silinda, izibwe matundu yake yote, ihifadhiwe pakavu pamoja na kabureta na bolti zake, kwa kuwa atakayelinunua lori hilo baada ya miaka 20 huenda akataka kuirudisha.