Mpaka wa Horohoro

Kabla ya mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipoafikiana kuukata mpaka kuanzia mlango wa mto Umba, Mdigo aliyetoka Tanga kwenda Vanga kuhudhuria harusi ya nduguye hakuhitaji cheti wala idhini. Lakini mpaka ulipokuja kuwekewa maafisa na forodha, msafiri, hasa mgeni wa mbali, alilazimika kusimama mara mbili, apigwe muhuri wa kutoka Horohoro, upande wa Tanzania, kisha apange foleni upya Lunga Lunga, upande wa Kenya, apigwe wa kuingia. Taabu hiyo imekhafifishwa na utaratibu wa kituo kimoja, uliowekewa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016: maafisa wa dola zote mbili huketi chini ya paa moja katika nchi inayoingiwa, pasipoti ikahama dirisha hadi dirisha, naye mgeni aliyekwisha kupata idhini yake ya kuingia kwa intaneti hupita upesi zaidi.