Siku ya Mashujaa: Makaburi na Minara ya Kumbukumbu Nchini

Kila ifikapo Julai 25, Tanzania huadhimisha Siku ya Kumbukumbu ya Mashujaa. Siku hiyo si ya mapumziko; ofisi na masoko hufunguliwa kama kawaida, na wananchi wengi huyafuatilia maadhimisho kupitia redio na televisheni. Makaburi na minara inayotajwa siku hiyo, hata hivyo, ipo mwaka mzima, na anayekwenda kuizuru hana budi kujua ni akina nani wanaokumbukwa hapo.

Mwenge wa Kumbukumbu ya Mashujaa huwashwa saa 6:00 usiku wa kuamkia Julai 25 na kuzimwa usiku unaofuata. Asubuhi, Amiri Jeshi Mkuu huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, Kiongozi wa Mabalozi huweka shada la maua, Meya huweka upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wa zamani huweka shoka. Isipokuwa shada la maua, vyote hivyo ni zana ambazo babu zetu walizishika kabla ya bunduki kuenea nchini. Viongozi wa dini huomba dua na sala, kila mmoja kwa imani yake. Kwa miaka mingi shughuli hiyo ilifanyika kitaifa katika Viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Mwaka 2016 ilifanyika katika Viwanja vya Mashujaa, Dodoma, na ni hapo Rais John Pombe Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itahamia katika mji huo.

Mahali panapobeba uzito mkubwa kuliko pote ni Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Hapo wamezikwa askari waliopoteza maisha katika vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, yaliyovamia ardhi ya Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka siku chache baadaye. Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979. Wengi wa waliolala Kaboya walikuwa vijana, na wazee wa Kagera walioshuhudia uvamizi huo bado wapo miongoni mwetu. Upande wa kusini, makaburi ya Naliendele mkoani Mtwara yanawahifadhi askari waliokufa wakati wa harakati za ukombozi wa Msumbiji. Maeneo yote mawili yako chini ya uangalizi wa Jeshi. Mgeni ajitambulishe kwanza, aeleze nia ya ziara yake, na asipige picha kabla ya kuruhusiwa.

Orodha ya mashujaa haikufungwa mwaka 1979. Julai 2013, walinzi wa amani 7 wa Tanzania waliuawa Darfur, nchini Sudan. Desemba 2017, kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na miili ya askari 14 ikarejeshwa nyumbani kuagwa. Hao walikufa wakilinda watu wa nchi nyingine, na kwa familia zao msiba haujawa historia.

Upo pia mnara ambao maelfu huupita kila siku bila kuutazama: Mnara wa Askari, katikati ya Dar es Salaam, kwenye Mtaa wa Samora. Ulizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakiwa askari na wapagazi. Sanamu ya shaba ni kazi ya James Alexander Stevenson, na maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Maneno hayo yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayamo.

Pengo hilo si la bahati mbaya. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa Waafrika, waliofariki katika vita hiyo hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Wapagazi ndio walioachwa zaidi. Walibeba risasi na chakula cha majeshi porini kwa miezi mingi, na waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kinachobaki juu yao mara nyingi ni simulizi za ukoo kuhusu babu aliyechukuliwa asirudi, pamoja na jina moja la mtaa. Kariakoo, eneo lililo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye mnara huo, lilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao kilichopiga kambi hapo.