Kumsaidia Mpinzani: Historia ya Mashindano ya Roboti za Watoto

Mashindano ya roboti za watoto na vijana, yaani mashindano ambayo kundi la wanafunzi hubuni na kuunda mashine inayotenda kazi kwa kufuata maagizo ya kompyuta, yana desturi ambayo ni nadra kuonekana katika michezo mingine: timu inayojiandaa kupambana na nyingine huiazima bisibisi, betri, na mara nyingine hata mwanafunzi wake hodari wa kusaka hitilafu, saa moja tu kabla ya pambano. Wapo wanaoisifu desturi hiyo kana kwamba imechipuka yenyewe katika mioyo ya watoto, lakini historia inaonyesha kwamba ilijengwa taratibu, kanuni baada ya kanuni, na watu wazima waliofahamu kuwa ushindani ukiachwa bila mipaka huzaa choyo.

Chimbuko lake mojawapo ni somo la uhandisi lililofundishwa katika chuo cha MIT, jimboni Massachusetts, Marekani, ambapo tangu miaka ya 1970 Profesa Woodie Flowers alikuwa akimkabidhi kila mwanafunzi sanduku la vikorokoro vilevile alivyopewa mwenzake, kisha akimtaka aunde mashine ya kushindana mbele ya umati mwishoni mwa muhula. Kwa kuwa masanduku yalifanana, hakuna aliyeweza kudai kwamba ameshindwa kwa kukosa vifaa. Tofauti ilibaki katika fikra na mikono. Flowers, aliyefariki mwaka 2019, ndiye aliyeasisi msemo ambao kwa Kiswahili unaweza kuelezwa kuwa ustadi wenye uungwana, akimaanisha kufanya kazi kwa bidii zote na kushindana kwa nguvu zote pasipo kumdhalilisha mwingine.

Mwaka 1989 mvumbuzi Dean Kamen alianzisha shirika lisilo la kibiashara liitwalo FIRST, na kwa ushirikiano na Flowers akaugeuza mtindo huo wa chuoni kuwa mchezo wa shule za sekondari. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Manchester, New Hampshire, yakihudhuriwa na timu 28, juu ya uwanja uliomwagwa punje za mahindi ili magurudumu yateleze, matumizi ya nafaka ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuyaona ya anasa. Wakati huo kila timu ilijitegemea, na uungwana ulikuwa wito tu, usio na nguvu ya kanuni.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1999, ulipoanzishwa mfumo wa miungano, ambamo timu huunganishwa na nyingine kwa pambano moja, kisha katika pambano linalofuata hujikuta zimewekwa pande tofauti. Matokeo yake yalikuwa mepesi kuyatabiri: jirani ambaye roboti yake imeharibika asubuhi huenda akawa mshirika alasiri, na kumnyima spana ni kujinyima ushindi. Mwaka 2001 waandaaji walikwenda mbali zaidi kwa kuondoa wapinzani kabisa uwanjani, timu nne zikishirikiana kukusanya alama nyingi kadiri zilivyoweza. Katika misimu kadhaa ya miaka ya 2000, alama zilizompandisha mshindi kwenye msimamo zilikokotolewa kwa kuzingatia alama za aliyeshindwa, hivi kwamba aliyemfedhehesha mpinzani kwa kumwacha na sufuri alijipunguzia mwenyewe. Huenda hakuna kanuni nyingine iliyofunza adabu kwa ufanisi kiasi hicho, kwa sababu haikumtaka mtoto awe mwema. Ilimtaka ajue hesabu.

Kwa watoto wadogo, mchezo huu ulipitia njia nyingine. Mwanahisabati Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, aliyefanya kazi na mwanasaikolojia Jean Piaget mjini Geneva kabla ya kuhamia MIT, alishiriki mwaka 1967 pamoja na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon kubuni Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto, ambayo baadaye ilitumika kuamuru “kobe”, yaani mashine ndogo yenye magurudumu na kalamu, iliyochora sakafuni njia iliyopita. Papert alishikilia kwamba mtoto hujifunza vyema zaidi anapounda kitu ambacho wengine wanaweza kukiona na kukijadili. Kitabu chake cha mwaka 1980, *Mindstorms*, ndicho kilichoipa jina seti ya roboti ambayo kampuni ya LEGO ya Denmaki iliitoa mwaka 1998, na mwaka huohuo LEGO na FIRST zilianza kwa majaribio ligi ya watoto wa umri wa kuanzia miaka 9.

Katika ligi hiyo roboti huwekwa juu ya meza yenye urefu wa takriban mita 2.4, na hupewa dakika 2 na nusu kusukuma, kuinua au kubeba vitu vilivyopangwa, bila kuongozwa kwa rimoti. Seti ya kwanza ilikuwa na nafasi tatu za mota na tatu za vihisi, yaani vifaa vinavyotambua mguso au mwanga, na mota zake hazikuweza kupima zilichozunguka. Hivyo watoto wengi waliiagiza roboti iende kwa sekunde kadhaa, nayo ikafika pungufu kila betri ilipodhoofika. Kuanzia seti ya mwaka 2006, mota zilipima mzunguko wake zenyewe. Mbali na mezani, timu huhojiwa na waamuzi kuhusu utafiti wake na namna wanatimu wanavyogawana kazi, na timu yenye roboti bora inaweza kukosa tuzo kuu kwa sababu mmoja alifanya yote huku wengine wakitazama.

Mashindano mengine yalifuata, yakiwemo RoboCupJunior, yaliyoanza Melbourne mwaka 2000, na Olimpiadi ya Roboti ya Dunia, iliyoanza Singapore mwaka 2004. Lakini sanduku la Flowers lilivuka mipaka kwa ukamilifu zaidi mwaka 2017, mashindano ya FIRST Global yalipozikusanya Washington timu za vijana kutoka nchi zaidi ya 150, kila nchi ikiwa imetumiwa vifaa vilevile, na nchi tatu tatu zikiungana katika mchezo uliohusu maji safi.

Hata hivyo, kinachoweza kusawazishwa kwa sanduku hakisawazishwi na pasipoti. Wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa, na timu ya Gambia nayo ilikataliwa kwanza. Mashindano yalipomalizika, vijana wote sita wa timu ya Burundi, nchi iliyokuwa katika msukosuko wa kisiasa tangu mwaka 2015, waliripotiwa kutoweka, na polisi wa Washington walieleza kwamba wawili kati yao walionekana wakivuka mpaka kuingia Kanada. Mwaka uliofuata mashindano yalifanyika Mexico City, na mwaka 2019 yakafanyika Dubai.